Mguu Uliotangulia

Mimi nina ulimi, na watu wa kijijini kwetu Umwe wanalijua hilo. Nikitaniwa najibu, nikichokozwa najibu mara mbili, na hata nisipochokozwa huwa sikosi la kusema. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku nitakayonyamaza ndiyo siku ya kuniitia daktari. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu yaliyompata mjukuu wangu Yasmini yalitokana na ulimi huu huu, na sitaki mtu asome mpaka katikati ndipo ajue mwenye kosa ni nani.

Yasmini ni mtoto wa binti yangu Subira. Subira anapika Kibiti, kwenye banda la chakula karibu na stendi. Anaamka alfajiri kukanda unga wa chapati na kurudi chumbani jioni akiwa hoi. Mumewe alimwacha, chumba anachopanga ni kimoja, na mtoto wa miaka mitano huwezi kumfungia ndani kutwa nzima. Basi mwaka jana, mfungo ulipokwisha, akaniletea. Tulikubaliana nikae naye mpaka Januari atakapoanza shule. Wakati wa kuagana Subira aliniambia jambo moja tu: "Mama, huyu ndiye niliye naye. Mwangalie." Nikamjibu kwamba nimelea saba, na sihitaji kufundishwa namna ya kuangalia mtoto.

Nikaondoka naye kwenda bondeni. Kwetu Rufiji mpunga ukianza kutoa masuke hakuna anayebaki kijijini ila mgonjwa na mvivu. Kila nyumba inahamia shambani kwake, kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, na ngazi ya miti ya kupandia. Chini maji na tope, juu unalala, unapika, na unaliona shamba lote. Kazi ni kuamia ndege. Wanakuja kabla jua halijatoka na wanaondoka linapozama, na kati ya hapo unavuta kamba zenye makopo, unapiga kelele, unarusha udongo kwa kombeo. Ukipitiwa na usingizi asubuhi mbili tatu, chakula cha mwaka kimekwenda.

Katika dungu letu tulikuwa watatu: mimi, Yasmini na kitindamimba wangu Mtoro, kijana wa miaka ishirini na mbili. Nafasi ni ndogo, tunalala kama samaki kwenye tenga, na anayetaka kushuka lazima apite kwa wenzake. Asubuhi moja Mtoro alikuwa anawahi Nyamwage, ameitwa kuchimba msingi wa nyumba. Akakurupuka, akairuka miguu ya Yasmini, akateremka ngazi.

Kwetu mtoto aliyelala harukwi. Akirukwa anadumaa, mpaka yule aliyemruka arudi amruke tena kuelekea upande alikotoka. Mimi kama naamini au siamini hilo ni langu, ila wanangu wote saba niliwachunga wasirukwe. Yasmini aliamini kabisa. Akachungulia nje, akamwita mjomba wake arudi amruke tena. Mtoro akacheka, akasema atafanya hivyo akirudi, na huko Nyamwage akakaa wiki saba.

Na Yasmini ni mfupi, sitamsingizia. Dungu la jirani alikuwapo Kheri, mtoto waliyezaliwa naye wiki moja, naye amempita Yasmini kichwa kizima. Kheri huyo kaelezwa habari ya kurukwa, basi ikawa wimbo wake, kwamba mwenzake amerukwa na hakui tena. Yasmini akaja kwangu analia. Nikamwita Kheri nikamwambia kwamba kichwa chake kinakua haraka kuliko kilichomo ndani. Akaondoka, lakini mtoto wangu sikumtuliza. Kila asubuhi alikuwa anajipima kwenye nguzo ya dungu, kiganja juu ya utosi, na kila asubuhi kiganja kinagota palepale.

Siku chache baadaye miguu ikaanza. Jua likizama, tukishakula, anaanza kujishikashika. Mara kwenye miundi, mara nyuma ya magoti, mara mapaja. Analia kilio cha kweli cha mtoto, kamasi na kila kitu. Namkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, analala. Asubuhi anashuka ngazi mbiombio na kutwa nzima anafukuzana na Kheri juu ya matuta, huku wanapigia ndege kelele. Ikija magharibi, miguu tena.

Mara ya kwanza nilimwonea huruma. Mara ya nne nikamwambia anadeka. Nilimuuliza ni maradhi gani hayo yanayojua saa, yanayokwenda matembezini mchana na kurudi wakati wa kuosha vyombo. Lakini mtoto hawezi kujifanya kulia siku kumi, nami licha ya maneno yangu si mjinga. Katika familia ya baba yake wapo wenye selimundu, na tunajua kwamba ugonjwa huo wa damu huanza na kuuma mifupa. Hapo ndipo hofu ikaniingia kweli. Nikamwachia jirani shamba kwa siku moja, nikampeleka mtoto hospitali, Kibiti.

Subira alikuja mbio kutoka bandani na aproni yake kiunoni. Daktari alikuwa kijana, anaitwa Huseni, mwenye miwani na mikono ya taratibu. Alimtembeza Yasmini, akamrusharusha kwa mguu mmoja, akambonyeza kila mfupa huku akimwangalia usoni, akamkunja magoti. Akaagiza damu ipimwe. Subira alisubiri mpaka majibu yalipotoka: malaria hakuna, selimundu hakuna. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akambusu mtoto, akarudi kwenye masufuria yake kwa sababu bosi wake alikwisha piga simu mara tatu. Maelezo mengine ya daktari nikabaki kuyasikiliza peke yangu.

Na daktari alieleza yote. Nasema hivi ili mtu asije akamlaumu. Alisema hali ile wanaiita maumivu ya kukua, inawapata watoto wengi wa umri huu, hasa wanaoruka na kukimbia kutwa. Inakuja jioni, inashika miguu yote miwili, asubuhi haipo. Dawa yake ni kukanda na kumbembeleza, na ikizidi sana paracetamol kwa kipimo cha umri wake. Alisema pia kwamba hata wao hawajui hasa kama ni kukua ndiko kunakouma, jina limebaki tu. Kisha akaniinamia, akasema polepole: "Bibi, lakini ukiona unauma mguu mmoja tu, au unamuuma mpaka asubuhi, au anachechemea, au umevimba, au ana homa, usingoje. Mlete siku hiyo hiyo."

Nikaitikia. Nikamwambia nimeelewa. Lakini sikio langu lilikuwa limeshiba tangu aliposema anakua. Tulipokuwa njiani kurudi, hilo moja ndilo nililokuwa nalo mkononi, na yale mengine niliyaacha palepale kwenye kiti cha daktari.

Yasmini naye alichukua lake. Aliniuliza kama ni kweli miguu inauma kwa sababu anakua. Nikasema daktari kasema. Akauliza, hata baada ya kurukwa? Nikamwambia kumbe mjomba wako hana nguvu yoyote, anaruka bure. Nilikuwa sijamwona akifurahi vile tangu aletwe kwangu. Tulipofika bondeni akaenda moja kwa moja dungu la jirani kumwambia Kheri kwamba anakua, na ana ushahidi wa hospitali.

Kuanzia hapo miguu ikawa sherehe. Ikimuuma jioni anakuja mwenyewe na chupa ya mafuta. "Bibi, leo nimekua sana," ananiambia, na mimi namkanda huku nikimwita twiga, nikimwambia mwakani atatuangulia nazi bila kupanda. Tukicheka namna hiyo anasinzia mikononi. Naweza kusema zile zilikuwa wiki nzuri kuliko zote nilizokaa naye, na mpaka leo zinaniuma kuzikumbuka.

Mwishoni mwa Mei aliteleza kwenye ngazi. Si juu, kipago cha tatu tu kutoka chini, akachubuka muundi wa mguu wa kulia. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, nikamfunga kitambaa. Baada ya siku nne kidonda kilikuwa kimekauka, nami nikakisahau.

Siku ya Jumatatu iliyofuata, baada ya magharibi, akaniambia mguu unamuuma. Nilikuwa napepeta mchele. Nikamwambia alete mafuta. Akasema, "Ni huu mmoja tu, bibi," akaonyesha wa kulia.

Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Mtoto wa miaka mitano alinitajia lile lile aliloniambia daktari, kwa maneno yale yale, mguu mmoja. Mimi nikatafuta la kuchekesha. Nikasema, "Basi huo umetangulia. Mwenzake atafuata." Akacheka kidogo. Nilipomkanda akauvuta mguu, nikasema watoto wa mjini wana ngozi ya karatasi.

Jumanne akarudia. Siku hiyo ndege walishuka wengi mpaka shamba likawa jeusi, sauti imenikauka kwa kupiga kelele, mikono imechubuka kwa kamba. Akaja nyuma yangu, akashika kanga yangu, akasema mguu uliotangulia bado unauma, na sasa ni mchana. Sikugeuka. Nilimwambia aache kulia, wenziwe wanautamani urefu huo. Akaiachia kanga.

Jumatano na Alhamisi hakusema kitu. Nilimwona amekaa juu dunguni, anavuta kamba za makopo kwa bidii, hakimbilii kwa Kheri, hashuki ovyo. Nikamsifu. Nilimwambia sasa amekuwa mtu mzima, anajua kutulia kazini. Kheri alikuja kumwita wakacheze, akamjibu kwamba hawezi, ana shughuli. Nikacheka peke yangu kule chini kwenye tope, nikaona nimelea vizuri. Chakula hakukimaliza siku zote mbili. Nikadhani ni joto.

Ijumaa asubuhi chai ilikuwa tayari na mihogo imeiva, nikamwita. Kimya. Nikamwita tena, nikaanza kumsema kutoka chini, kwamba malkia anasubiri apelekewe. Kimya. Nikapanda huku ninasema. Nilimkuta chali, kanga mpaka kidevuni, midomo imekauka, jasho linamtiririka na huku anatetemeka. Nikaivuta ile kanga. Mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti mpaka nusu ya muundi, ulikuwa umevimba na kung'aa, mwekundu kwa weusi, na kabla sijaugusa nilihisi moto wake kwenye kiganja.

Akanishika mkono. "Usiuguse, bibi," akasema. "Utaacha kukua."

Sikulia. Kulia nilikuja kulia baadaye, uani hospitali, nyuma ya mahali wanapofulia mashuka. Pale dunguni nilimfunga mgongoni kwa kanga mbili, nikashuka ngazi, na kila kipago alipiga ukelele uliowafanya watu wa madungu ya jirani watoke. Baba yake Kheri aliacha ndege wake, akatuvusha kwa mtumbwi mahali penye maji, akanitafutia pikipiki, naye akarudi kuniangalizia shamba bila mimi kumwomba. Ikwiriri tukapata gari ndogo iliyokuwa inatoka Ndundu na kwenda Kibiti. Njia nzima nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mguu. Sikuomba utajiri wala umri mrefu, niliomba mguu wa mtoto wa Subira.

Daktari Huseni alitukumbuka. Alipouona mguu hakuniuliza mimi, alimuuliza mwenyewe unamuuma tangu lini. Yasmini hajui majina ya siku vizuri, akahesabu kwa chakula tulichokula. Siku ya kambale, siku ya boga, siku ya dagaa, siku ya kambale tena, na leo ambapo hatujala. Alikunja vidole vyote vya mkono mmoja. Daktari akaviangalia vile vidole, kisha akaniangalia mimi. Afadhali angenifokea.

Alinipeleka pembeni, akanieleza bila kuzunguka. Mfupa umeingiwa na wadudu, huenda kupitia damu, huenda ni ule mchubuko, na ndani umejaa usaha. Lazima upasuliwe leo hii, usaha utoke, na apate dawa kali ya dripu kwa wiki kadhaa. Kama umekwisha ingia kwenye goti, mambo yatakuwa mengine na itabidi apelekwe Dar es Salaam. Akasema tena kwamba ile sehemu ya mfupa inayorefuka iko jirani kabisa na usaha ulipo. Ikiharibika, mguu huo utabaki mfupi na mwingine utaendelea. "Siwezi kukuahidi, bibi," akasema. Nikaweka dole gumba kwenye karatasi yao ya ruhusa.

Subira alifika mtoto akiwa ndani. Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa saa mbili. Aliniuliza yameanzaje, nikasema aliamka na homa. Sikudanganya, maana kweli aliamka na homa. Lakini nilikata habari pale iliponifaa, na nilijua ninafanya nini. Nilijiambia nitamweleza mambo yakishatulia.

Upasuaji ulikwenda vizuri, goti lilikuwa bado salama. Homa ndiyo iliyogoma. Siku tatu ilikuwa inashuka alasiri na kupanda tena, na kila ikipanda Subira alikuwa anasimama, anakaa, anasimama. Mimi nilikuwa nafua, nachota maji, naleta uji, nafanya kila kazi ambayo ingenizuia kukaa mbele ya mwanangu. Siku ya nne asubuhi mtoto aliamka mwili umepoa, akaomba chapati. Subira akaenda bandani kwake, akarudi na chapati mbili na maharage, akakaa kitandani anamlisha kwa vipande vidogo. Mimi nilikuwa upande wa pili, nakunja nguo.

Subira akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, daktari ananiambia siku tano unaumwa, mbona hukumwambia bibi?"

Yasmini aliacha kutafuna. Aliniangalia mimi kwanza, sio mama yake. Halafu akasema, "Sikumwambia. Nilisahau."

Sijui alijifunzia wapi kuwakinga watu wazima. Labda aliona nilivyokuwa nikizunguka wodini bila kukaa. Labda aliogopa nikigombezwa hatorudishwa kwangu. Subira alimpangusa mdomo, akamwambia siku nyingine asisahau, maumivu yasemwe. Habari ikawa imekwisha. Kweli, ilikuwa imekwisha kabisa. Ningekunja nguo zangu, tungesema mtoto alisahau, na kila aliyetuuliza angejibu watoto ndivyo walivyo. Mtoto amekwisha pona, hasara ya kunyamaza ni nini? Nilikaa na swali hilo muda wa kukunja gauni moja. Nikamwona Yasmini amerudia chapati yake, macho chini, na lawama ambayo si yake iko mabegani mwake, kwa kuwa mimi siwezi kuibeba.

"Aliniambia," nikasema. "Subira, mtoto aliniambia. Mara mbili. Jumatatu akasema ni mguu mmoja tu, na daktari alikuwa ameshanionya juu ya mguu mmoja, siku ile ulipokwenda kazini. Nikamfanyia mzaha. Jumanne akanifuata mchana, hata sikugeuka kumtazama."

Subira alimaliza kumlisha mtoto kipande kilichobaki, akanawa mikono, akatoka nje. Alirudi baada ya adhuhuri macho yamevimba. Kwa siku mbili aliongea na kila mtu wodini ila mimi. Akinipa kitu anakiweka kitandani, nami nakichukua. Niliona ni haki yake. Siku ya tatu aliniambia, akiwa ameuangalia ukuta, kwamba Yasmini harudi bondeni, wala Umwe. Amepata mama mmoja wa jirani atakayekaa naye mchana. Nikasema sawa. Nina maneno mengi, lakini siku ile sikupata zaidi ya hilo moja.

Nikarudi shambani. Ndege walikuwa wamekula karibu nusu, na nusu iliyobaki ni kwa hisani ya baba Kheri. Nilivuna peke yangu mpaka Mtoro aliporudi. Nilipomsimulia, hakumaliza hata kula. Alipanda gari siku hiyo hiyo, akaenda Kibiti, akamwomba dada yake ruhusa, akamruka mtoto kwa uangalifu kuelekea upande alikotoka. Subira, alivyoniambia Mtoro, hakucheka wala hakumkataza.

Yasmini alikaa na dripu wiki tatu na vidonge wiki nyingi baada ya hapo. Kila mwezi daktari anampima miguu yote miwili kwa utepe, anaandika. Mpaka sasa inakwenda pamoja, lakini anasema ni mapema, tungoje miaka. Mimi nilikuwa nakwenda kumwona Ijumaa moja moja, nakaa mlangoni kama mgeni, nakunywa chai, naondoka mapema. Subira alikuwa akinipigia kunijulia hali. Salamu tu, za mzima na mgonjwa, na simu inakatwa.

Januari Yasmini akaanza shule. Wiki ya tatu ya masomo, nimetoka kuswali isha, simu ikalia. Ni Subira. Hakuanza na salamu. Akasema, "Mama, miguu inamuuma. Tangu magharibi analia."

Nilikaa chini. Nilimwambia asiniulize mimi, ampeleke hospitali, mimi na miguu ya watoto tulikwisha achana. Nikamkumbusha mimi ni nani na nilifanya nini. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Akaningoja nimalize. "Daktari nitampigia baadaye," akasema. "Nakuuliza wewe kwanza. Hapa kila mtu ananiambia ninachotaka kusikia. Wewe mtoto alishakufichia kosa lako, na bado ulisema kweli."

Nilisikia kwa mbali Yasmini analia, kilio kile ninachokijua. Nikamwambia Subira akae karibu naye, aiweke simu kwa sauti, nikamuuliza, unauma mguu mmoja au yote? Akamuuliza mtoto, akasema yote miwili. Nikamwambia aweke kiganja, kwanza kwenye muundi wa huu, halafu wa huu, asiharakishe. Akasema yote imepoa. Nikamwambia aibonyeze, hasa wa kulia, juu na chini ya kovu. Akasema anabonyeza na mtoto hausogezi. Imevimba? Hapana. Paji la uso? Kawaida. Mchana alikuwaje? Akasema mwalimu amelalamika kwamba hakai darasani, kutwa anakimbizana.

Ulimi ulitaka kusema neno lile la kukua. Nililisikia kabisa limefika mdomoni, jepesi, tayari. Badala yake nikamwambia, "Mkande kwa mafuta ya moto. Asubuhi akishuka kitandani usimsemeshe, mtazame tu anavyokanyaga. Halafu nipigie."

Sikulala vizuri. Nilikaa uani tangu alfajiri na simu mapajani, chai imepoa. Saa kumi na mbili na nusu ikalia. Nyuma yake nilisikia mlango unabamizwa na mtu anaitwa arudi avae viatu.

"Anakimbia, mama," Subira akasema.

Nikamuuliza anakimbiaje, mguu wa kulia anaukanyaga vipi. Akamtazama, kisha akanieleza hatua kwa hatua, na mimi nikasikiliza mpaka mwisho.